Maumivu Yasiyo na Jina

Machoni pa watu yako maradhi ya namna mbili: yenye jina na yasiyo na jina. Mwenye malaria hupewa pole. Mwenye kifua kikuu hupewa dawa, na jirani huulizana habari zake. Aliyevunjika mguu huonyesha bandeji yake, na kila mtu humpisha njiani. Lakini yuko mgonjwa mwingine ambaye hana cha kuonyesha. Aumwa ubavuni, nyuma, chini ya mbavu, mahali yalipo mafigo. Aumwa leo, aumwa kesho, mwaka wapita na maumivu yangalipo. Amekwenda zahanati, amekwenda hospitali ya wilaya, ametumwa hospitali ya rufaa, na kote amerudi na karatasi zisemazo kwamba hakuna kilichoonekana. Huyo ndiye tunayetaka kumsemea leo, yeye pamoja na jamaa yake, maana katika nyumba ya mtu wa namna hii huingia majaribu ambayo ugonjwa wenye jina hauyaleti.

Tumfikirie mama wa nyumba mojawapo. Asubuhi yuko kisimani, achota maji na kucheka na wenziwe. Alasiri amelala kitandani, amejikunja, ubavu wa kushoto umemshika hata hawezi kuinama awashe moto. Mumewe aliuza ng'ombe kwa ajili ya picha ya hospitali, na picha ilipotoka daktari akasema, "Mafigo yako safi." Neno hilo lilipasa kuwa habari njema, lakini nyumbani limegeuka kuwa mashtaka. Mumewe hasemi kitu, ila kimya chake chasikika. Wifi asema kwamba maumivu haya huja siku za kulima tu, na siku za arusi hayaji. Watoto wamekwisha jifunza kutembea kwa ncha za vidole. Na mama mwenyewe, usiku, ameanza kujiuliza kama kweli aumwa, ama kama akili yake imeanza kumdanganya.

Hapo ndipo msiba ulipo. Maumivu ya ubavu ni mzigo. Kutosadikiwa ni mzigo wa pili uliowekwa juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili hautoki katika figo. Sisi wa nyumbani ndio tunaomtwika. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Yafaa tujue kidogo jinsi mwili ulivyo. Mafigo ni mawili, kila moja kadiri ya ngumi ya mtu, yamelazwa huku na huku ya uti wa mgongo, na mbavu za mwisho zimeyafunika upande wa juu. Kazi yake ni kuichuja damu na kuutoa uchafu pamoja na maji yaliyozidi. Sasa jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: nyama ya ndani ya figo haisikii maumivu kama ngozi isikiavyo. Kinachouma ni utando uliolifunika figo, unapovutwa kwa uvimbe, na mfereji uupelekao mkojo kibofuni, unapozibwa na jiwe. Ndiyo sababu figo laweza kuharibiwa na presha au kisukari kwa muda wa miaka mingi, na mwenyewe asisikie chochote mpaka sehemu ndogo tu imebaki ikifanya kazi. Na yule alalaye akiugua kwa maumivu, akipimwa damu na mkojo, aweza kuambiwa kwamba mafigo yake yachuja vema kabisa, na ikawa kweli. Basi mama yetu asidhani kwamba kila usiku wa maumivu ni hatua moja kuelekea kaburini. Mumewe je, ambaye haumwi popote lakini presha yake imepanda? Huyo ndiye afaaye kwenda kupimwa mafigo kesho asubuhi.

Tena tulielewe vizuri neno la daktari. Asemapo, "Hatukuona kitu," hasemi, "Hakuna kitu." Asema kwamba kwa chombo alichotumia, siku ile, hakuona. Ultrasaundi huonyesha figo lililovimba na mawe makubwa, lakini jiwe dogo lililoshuka katika mfereji hulipita mara nyingi. Eksirei ya kawaida haiyaoni mawe yaliyotokana na asidi ya uriki. Kifua kikuu nacho, ijapokuwa twakiita cha kifua, huweza kukaa katika figo: mkojo huonekana una usaha, lakini maabara wakijaribu kuotesha vijidudu kwa njia ya kawaida, hapaoti kitu, daktari asipokumbuka kukitafuta chenyewe, mgonjwa atarudishwa nyumbani. Kichocho cha mkojo huharibu kibofu na mifereji yake pole pole, na mwenye kuoga madimbwini tangu utotoni huenda asikumbuke hata kukitaja. Na mara nyingi maumivu ya mahali pa figo si ya figo hata kidogo: hutoka katika misuli ya mgongo, katika pingili za uti, katika mshipa wa fahamu unaobanwa karibu na ubavu wa mwisho, au kwa wanawake katika viungo vya uzazi. Hata mkanda wa jeshi huchoma ubavu siku kadha kabla malengelenge hayajatokea.

Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, kipimo hiki hakiwezi kuonyesha nini?" Swali hilo si la ujeuri. Daktari mwema hulipokea kwa furaha, maana humfungulia mlango wa kufikiri tena. Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu daktari, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba. Lakini kumheshimu mtu si kuogopa kusema naye.

Na mgonjwa aende na daftari. Daftari la shule la kurasa chache latosha. Aandike siku, saa maumivu yalipoanza na yalipokwisha, upande gani, alikuwa akifanya kazi gani, mkojo ulikuwa wa rangi gani, amekunywa dawa zipi, na kwa mwanamke, siku zake za mwezi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wake. Daktari mwenye watu wengi barazani hana nafasi ya kusikiliza hadithi ya miaka miwili, lakini kurasa mbili atazisoma. Karatasi zote za vipimo zitunzwe katika bahasha moja. Twajua watu waliozunguka hospitali nne wakiwa mikono mitupu, wakapigwa picha ile ile mara nne kwa gharama ile ile, kisha wakasema kwamba madaktari wamewashinda.

Ziko dalili ambazo mtu asizingoje daftari. Homa pamoja na kutetemeka kwa baridi. Damu katika mkojo. Mkojo kukataa kutoka. Kutapika bila kukoma. Kuvimba uso na miguu. Kukonda pasipo sababu. Na maumivu ya ubavu kwa mama mjamzito. Hapo aende hospitali siku ile ile, hata kama mwezi uliopita aliambiwa mafigo yake ni safi. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Lakini sasa tuseme yote yametendeka. Vipimo vimefanywa, tena vile vilivyofaa. Mawe hayapo, kifua kikuu hakipo, kichocho kimetibiwa, mgongo umeangaliwa. Na bado aumwa. Watu wa namna hii wapo, si wazushi, wala hawapo kwetu tu. Mwaka 1967 madaktari wa Uingereza waliandika habari za wanawake waliokuwa na maumivu makali ya kiuno pamoja na damu katika mkojo, na mpaka leo chanzo cha hali hiyo hakijaelezwa chote. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeandika kwamba maumivu yaliyodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3 yaweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe, hata pasipo kidonda kilichoonekana. Wataalamu hueleza kwamba mishipa ya fahamu iliyopokea habari za maumivu kwa muda mrefu huweza kuzoea kuzituma, kama mbwa wa lindo ambaye mwizi amekwisha kwenda zake naye angali akibweka. Mbwa huyo habweki kwa uongo, na mwenye nyumba hawezi kulala vile vile.

Maumivu ya namna hii yana matibabu yake, ijapokuwa si ya siku moja. Mazoezi ya viungo ya kadiri, yanayoongezwa kidogo kidogo, hufaa kuliko kulala mwezi mzima. Usingizi wa saa za kudumu hufaa. Ziko dawa ambazo kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya wenye huzuni nyingi au wenye kifafa, ambazo kwa kipimo kidogo huituliza mishipa ya fahamu. Daktari akiziandika, mgonjwa asidhani kwamba ameitwa kichaa, na jamaa wasinong'one. Wengi wamezitupa dawa hizo njiani kwa aibu.

Hapa hatuna budi kusema kwa nguvu kidogo juu ya vidonge vya kununua dukani. Mwenye kuumwa kila siku hujaribiwa kumeza kila siku, naye hununua diklofenaki au ibuprofeni kama anunuavyo chumvi. Dawa hizo zina kazi yake, lakini zikinywewa mfululizo pasipo daktari huweza kulidhuru figo lenyewe, hasa kwa mzee, kwa mwenye presha, na kwa mtu aliyepungukiwa maji mwilini. Yaliyowapata watu wa Uswisi ni onyo. Huko wafanyakazi wengi, hasa wa viwanda vya saa, walizoea kumeza kila siku dawa za maumivu zilizochanganywa na fenasetini, ili waweze kuendelea na kazi. Mwaka 1953 madaktari wawili wa huko, Spühler na Zollinger, walieleza jinsi mafigo ya watumiaji wa dawa za namna hiyo yalivyoharibika. Ilichukua miaka mingi kabla nchi mbalimbali hazijaikataza dawa ile; Marekani iliiondoa mwaka 1983. Watu wale hawakuwa walevi wala wajinga. Walikuwa wakiumwa kichwa, nao walikuwa na kazi ya kufanya. Parasetamoli kwa kipimo chake huyasumbua mafigo kidogo zaidi, lakini hata hiyo ina kipimo. Na mizizi ichemshwayo ya "kusafisha figo", inayouzwa stendi kwa chupa isiyo na maandishi, hakuna ajuaye imo nini. Na dawa isiyojulikana hupita katika mafigo yale yale tunayotaka kuyaponya.

Baada ya muuza mizizi huja mtu mwingine, naye huja usiku. Husema kwamba hospitali haikuona kitu kwa sababu kitu chenyewe si cha hospitali. Kwamba uko mkono wa mtu. Kwamba mtu huyo yu jirani, tena mwanamke, tena mzee. Ndugu wasomaji, nyumba ngapi za Wakristo zimevunjika kwa neno hilo moja? Mtu aliyechoka kutafuta jina la ugonjwa wake hupewa jina la binadamu mwenzake badala yake. Maumivu hayapungui, ila sasa katika kijiji yuko kikongwe anayeogopa kutoka nje. Ni vema mara elfu mtu aseme, "Sijui sababu ya maumivu yangu," akalala na kutojua kwake, kuliko kulala na jina la uongo. Tunajua si rahisi. Kutojua kunachosha kama homa.

Maandiko Matakatifu hayakumsahau mgonjwa asiyejua. Yobu alilia kwamba mishale imemchoma mafigo, wala hakuonyeshwa sababu. Rafiki zake watatu walipofika, walitenda kwanza tendo jema kuliko yote waliyotenda: waliketi chini pamoja naye siku 7 mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, kwa kuwa walitaka kila uchungu uwe na kosa lake. Na mwishoni Mwenyezi Mungu aliwakasirikia wao, si Yobu aliyelalamika, akawaagiza wamwendee Yobu awaombee. Mtakatifu Paulo naye alikuwa na mwiba katika mwili wake, akaomba mara tatu uondolewe, usiondolewe. Wenye elimu ya Maandiko wamebishana karne nyingi mwiba ule ulikuwa ugonjwa gani, wasikubaliane. Mtume mkuu wa mataifa ameishi na maumivu yasiyo na jina, nasi twamsoma kila Dominika bila kuona ajabu.

Lakini zaidi ya hao twampenda yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Marko aeleza wazi kwamba aliteswa na waganga wengi, akatumia mali yake yote, asipate nafuu bali akazidi kuwa hali mbaya. (Luka, ambaye Paulo amwita daktari, hakuyaandika maneno hayo makali, labda kwa heshima ya kazi yake.) Mama huyo aligusa vazi la Bwana wetu kwa siri, akapona palepale. Sasa tuangalie. Yairo alikuwa akingoja, binti yake yu katika kufa, na umati wasukumana. Bwana wetu angeweza kuendelea na safari yake. Alisimama, akamtafuta, na yule mama akamweleza yote. Yote, maana yake miaka 12. Hakumkatiza. Kisha akamwita Binti. Mwili wake ulikuwa umekwisha pona alipokuwa angali katika umati. Kusikilizwa kulikuja baada yake, na Bwana wetu aliona kwamba hata hilo alilihitaji.

Wako wanaosema kwamba Mkristo mwema huyapokea maumivu akanyamaza, na kwamba kutafuta dawa ni upungufu wa imani. Hilo si fundisho la Kanisa. Baba Mtakatifu Pius XII, akisema na madaktari tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba mgonjwa aweza kwa haki kutumia dawa za kutuliza maumivu kwa shauri la daktari. Mtu aweza kumtolea Mungu maumivu yake na kumeza kidonge chake asubuhi ile ile. Tena Mpako wa Wagonjwa si wa kufa tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyasema hayo mwaka 1963, na utaratibu mpya wa Baba Mtakatifu Paulo VI wa mwaka 1972 ukayathibitisha: mwenye ugonjwa ulio mzito aweza kuupokea, na kuupokea tena hali yake ikizidi. Mgonjwa wa siku nyingi asione haya kumwuliza Paroko wake kama hali yake yamruhusu. Wala jamaa wasipige mayowe wanapomwona Padre anaingia na mafuta.

Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyefariki mwaka 1614, alikuwa na kidonda cha mguu ambacho hakikupona tangu ujana wake, na juu ya hayo mawe katika mafigo. Kwa sababu ya kidonda hicho Wakapuchini walimrudisha. Akaanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, akataka ndugu zake wamtunze kila mgonjwa kama mama amtunzavyo mwanawe wa pekee aliye mgonjwa. Hakungoja apone kwanza.

Turudi nyumbani kwa mama yetu, maana kazi yenyewe iko huko. Mumewe na aende naye hospitali mara moja, akae ndani, asikie kwa masikio yake daktari asemavyo. Waume wengi hupokea habari hizi mlangoni, nazo hufika zimekatwa nusu. Kazi za nyumba zigawanywe upya pasipo hotuba. Ndoo ya maji ibebwe na kijana. Jembe la siku nzima liwe la nusu siku, maana mwenye maumivu akijisikia mzima hulima mpaka jioni ili awaonyeshe watu kwamba si mvivu, kisha hulala siku tatu, nayo maneno ya wifi huwa kama yametimia. Siku njema si ushahidi wa uongo wa siku mbaya. Mama naye asiyafiche yote kwa kuogopa kuchosha watu, wala asiyasimulie yote kila saa. Achague mtu mmoja amwambiaye kweli, na mtu huyo asichoke.

Na sisi wa Jumuiya tukienda kumtazama, tusianze na habari za shangazi aliyepona kwa majani ya mpera. Tusimwulize, "Wamekwambia ni nini?" Ameulizwa hivyo mara mia, na kila mara hana la kujibu. Tumwulize usiku wake ulikuwaje. Dominika ataonekana akiondoka katika benchi wakati wa mahubiri, akasimama nyuma karibu na mlango, mkono kiunoni, kwa kuwa kukaa kumemshinda. Tusigeuze vichwa. Walio karibu na mlango na wamsogezee nafasi ukutani aegemee, na mmoja wao ampokee mtoto.